Barua pepe zinazorudi: majibu ya maswali yenu

Asubuhi nimekuta sanduku langu limejaa barua za MAILER-DAEMON (jina la programu ya seva inayotoa taarifa kwamba barua haikufika), zinanirudishia matangazo ambayo sikuyatuma. Tumevamiwa? (Goma)

Pengine hapana. Fungua moja, shuka hadi chini ilipobandikwa barua ya asili, usome mistari ya Received, inayoonyesha barua imepita seva zipi. Kama IP (anwani ya namba) ya seva yako haimo, mtu ameandika tu anwani yako kama mtumaji, na kwa hilo hahitaji neno lako la siri. Kama imo, tafuta sasl_username, jina la aliyeingia kutuma, kwenye logi (kumbukumbu za seva) ujue akaunti ya nani imetumika, na ufunge akaunti hiyo kabla ya chai. SPF na DMARC, matangazo ya nani anaruhusiwa kutuma kwa jina lako na anayeghushi atendewe nini, zitawabana waigizaji, ila seva za wazembe zitaendelea kukurudishia takataka. Wazembe hao nitawafikia hapo chini.

Nikikataa barua zote zenye mtumaji mtupu, <>, si nitapumzika?

Wewe utapumzika, watu wako hawatajua kwamba barua waliyokosea anwani haikufika. RFC 5321, waraka wa kanuni za kupeleka barua pepe, inataka taarifa hizo zitumwe bila mtumaji ili seva mbili zisirudishiane barua bila mwisho. Ziache zipite.

Seva inasema 550. Nisaidie.

Tena? Leta mstari mzima wa logi. 550 5.1.1 ni mpokeaji asiyekuwepo, 550 5.7.1 umekataliwa kwa sera ya mwenye seva. Namba ya jibu ikianza na 4, subiri. Ikianza na 5, acha.

Postfix (programu ya seva ya barua) yetu ya mbele inapokea barua za kampuni na kuzipeleka seva ya ndani. Mailq, foleni ya barua zinazosubiri kutoka, imejaa barua za MAILER-DAEMON zinazokwenda kwa anwani za ajabu. Nazifuta kwa amri ya postsuper, zinarudi. (Lubumbashi)

Ndugu, unadeki huku bomba linavuja. Seva yako ya mbele haijui nani yupo ndani, kwa hiyo inampokelea kila mtu. Seva ya ndani inakataa, na ya mbele, kwa kuwa imeshasema "nimepokea", inalazimika kumwandikia mtumaji. Mtumaji huyo ni wa kughushi. Aliyeibiwa jina ndiye anayepokea aibu yako, kama yule msomaji wa Goma, na IP yako inaingia kwenye orodha za kuzuiwa.

Kataa wakati mgeni bado yuko mlangoni, ndani ya mazungumzo ya SMTP, lugha ambayo seva hupelekeana barua, na jukumu la kutoa taarifa litabaki kwa seva iliyoleta. Jaza relay_recipient_maps, orodha ya wapokeaji waliopo. Ikiwa tupu, kama inavyokuja, Postfix inakubali jina lolote chini ya relay_domains, yaani domeni inazozipokelea kwa niaba ya seva nyingine. Kama orodha ya wafanyakazi inabadilika kila wiki, tumia reject_unverified_recipient, iiulize seva ya ndani yenyewe. Kichujio cha taka nacho kikatae mlangoni au kiweke karantini. Kisirudishe barua iliyokwisha kupokewa. Na MX ya pili (seva ya akiba ya kupokea barua) uliyowekewa na rafiki "kwa usalama" ina ugonjwa huohuo: ipe orodha hiyohiyo au iondoe.

Mtumaji anaambiwa baada ya siku 5 kwamba barua haikufika. Nipunguze ziwe saa 6?

Usithubutu. Huku kwetu seva ya mwenzako inaweza kulala siku 2 kwa kukosa umeme, na barua ingefika vizuri tu siku ya 3. Acha maximal_queue_lifetime, muda wa barua kusubiri kwenye foleni, kwenye siku 5, weka delay_warning_time = 4h, mtumaji aonywe mapema. Unachoweza kupunguza ni bounce_queue_lifetime, muda wa kusubiri wa taarifa za MAILER-DAEMON zenyewe, hata siku 1.

Kila tangazo la shirika letu linarudi kutoka anwani zilezile zilizokufa. Kuna ubaya? (Bukavu)

Upo. Kuwaandikia wasiokuwepo ni tabia ya watuma taka, na seva kubwa zitakuhukumu kwayo. Yenye 5.1.1 itoe leo, yenye 4.2.2, sanduku limejaa, ivumilie kwanza. Orodha ya kununua msiniulize.