Swali la lugha: "Chanzo cha kifo ni mauaji"?

Swali: Nimesoma habari iliyosema, "Uchunguzi umebaini kuwa chanzo cha kifo ni mauaji." Mwenzangu anadai sentensi hiyo ina kasoro. Iko wapi? Na je, "uchunguzi wa maiti" na "upasuaji wa maiti" ni kitu kimoja?

Jibu: Mwenzako kaona vizuri. Kwa wachunguzi wa vifo, chanzo ni jeraha au ugonjwa ulioanzisha safari iliyoishia kifoni: risasi ya kifua, sumu, malaria. Mauaji si jeraha wala ugonjwa. Yanajibu swali jingine, la namna ya kifo, ambalo kwa kawaida lina majibu matano: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa, au haikubainika. Basi mwandishi angesema: "Chanzo cha kifo ni jeraha la kisu tumboni, marehemu aliuawa." Nami ningechagua "kuuawa" kuliko "mauaji", kwa sababu hapo daktari anasema tu kwamba pana mkono wa mtu mwingine. Kama mkono huo una hatia, hilo ni la mahakama. (Na "moyo kusimama" usiuite chanzo. Nani aliyekufa moyo wake ukaendelea kupiga?)

Ila kwa maoni yangu, hatari kubwa imo kwenye vitenzi. Tazama mtu aliyekutwa chini ya jengo refu. "Alianguka" inaelekea kwenye ajali, "alisukumwa" imeshamtafuta mtu wa pili, "alijirusha" imemtwika marehemu mwenyewe. Kiambishi -w- au -ji- kikichomekwa tu, namna ya kifo imeshaamuliwa kabla daktari hajavaa glavu. Asubuhi ya tukio, andika "amekutwa amekufa chini ya jengo" na uishie hapo.

Majini ni vivyo hivyo. "Amekufa maji" ni Kiswahili kitamu, lakini kinadai kwamba maji ndiyo yaliyomuua. Huenda mtu alikuwa ameshakufa alipotupwa mtoni. "Mwili umeopolewa mtoni" haina deni lolote.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja, kama "uchunguzi wa maiti" na "upasuaji wa maiti" ni kitu kimoja. Hapana. Daktari anaweza kuchunguza kwa macho tu: ukakamavu wa viungo, rangi ya ngozi pale damu ilipotuama, michubuko. Akipasua, huo nao ni uchunguzi, lakini si kila aliyechunguzwa amepasuliwa.