Umepunguzwa kazini Texas, sasa umepewa kazi ya saa chache: maswali ya wasomaji

Safari hii tumekusanya barua za wasomaji wetu wa Texas kuhusu mafao ya ukosefu wa ajira, yale yanayosimamiwa na tume ya ajira ya jimbo, TWC. Majibu haya ni ya Texas. Aliye jimbo lingine asome kwanza jibu la swali la nne kabla ya kupiga hesabu zake.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nilikuwa ghalani hapa Fort Worth, dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, na ovataimu msimu wa sikukuu. Mwezi uliopita tulipunguzwa. TWC imenikubalia dola 380 kwa wiki. Sasa duka moja limeniita: saa 20 kwa wiki, dola 15 kwa saa. Shemeji yangu anasema nikikubali tu, mafao yote yanakatika. Nikatae?
*Mama wa wawili, Fort Worth*

JIBU: Shemeji ana nia njema lakini hesabu yake si sahihi. Texas inakuruhusu kupata hadi robo ya mafao yako ya wiki bila kukatwa hata senti. Robo ya 380 ni 95. Jumlisha: 380 na 95 ni 475. Kutoka hapo toa ulichopata kazini wiki hiyo, kabla ya makato ya kodi. Saa 20 kwa dola 15 ni 300, kwa hiyo TWC itakulipa 175. Mshahara 300 na mafao 175, jumla ni 475 kabla ya kodi.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalioni. Ukifanya saa 7 unapata 105, na TWC inakujazia 370. Ukifanya saa 31 unapata 465, inakujazia 10. Kote jumla ni ile ile 475. Ukifikisha 475 kwenye mshahara, wiki hiyo hulipwi mafao kabisa. Kwa hiyo kwa saa zako 20 unaongeza dola 95 tu juu ya mafao ya kukaa nyumbani, na petroli bado hujatoa. Faida nyingine imejificha: zile dola 205 ambazo hukulipwa wiki hiyo hazipotei, zinabaki kwenye salio la dai lako na unaweza kuzitumia baadaye ndani ya miezi 12 tangu ulipofungua dai. Mwenye wasiwasi kwamba kazi ya maana itachelewa kupatikana anarefusha akiba yake kwa njia hiyo.

Kuhusu kukataa: TWC hutazama kama kazi inakufaa, yaani malipo, umbali, ujuzi wako na afya yako. Wiki nane za mwanzo unatarajiwa kukubali kazi inayolipa angalau asilimia 90 ya mshahara wako wa kawaida. Asilimia 90 ya dola 18 ni 16.20, na hawa wanakupa 15, kwa hiyo kwa sasa una hoja. Baada ya wiki nane kiwango kinashuka hadi asilimia 75, yaani 13.50, na hapo dola 15 haitakuwa tena kisingizio. Ukikataa, ukiulizwa kwenye ombi la malipo kama ulikataa kazi, jibu ndiyo na ueleze sababu. Kuficha ndiko kunakoleta balaa.

Tungekuonya zaidi juu ya mlango wa kutokea kuliko wa kuingilia. Ukikubali kazi ya duka kisha ukaiacha baada ya wiki mbili kwa sababu umechoshwa nayo, TWC haitauliza tena habari za ghala. Itauliza kwa nini uliacha duka. Aliyeacha kazi kwa hiari bila sababu nzito inayohusu kazi yenyewe hufungiwa mafao mpaka afanye kazi wiki sita au apate mara sita ya mafao yake ya wiki. Kwako ni dola 2,280. Kazi unayojua hutaiweza, ni afadhali uikatae mapema na utoe sababu kuliko kuikubali na kuikimbia.

Na ukiwa dukani bado unatakiwa kuendelea kutafuta kazi ya siku nzima. Idadi ya maombi kwa wiki imeandikwa kwenye barua yako, mara nyingi ni matatu. Andika tarehe, jina la kampuni, kazi uliyoomba na njia uliyotumia, maana wanaweza kukuitisha orodha hiyo wakati wowote.

SWALI: Ninalipwa kila Ijumaa, lakini ni kwa kazi ya wiki iliyopita. TWC niiandikie ya wiki ipi? Na nimesikia watu wanaripoti kile tu kilichoingia benki.
*Msomaji, Houston*

JIBU: Andika ya wiki uliyofanya kazi, si ya wiki uliyolipwa. Wiki ya TWC inaanza Jumapili na kwisha Jumamosi. Umefanya Alhamisi saa 6 na Ijumaa saa 5 kwa dola 15: hizo ni dola 165 za wiki hiyo, hata kama hela itaingia siku kumi baadaye. Na ni 165 kamili, si zile zilizobaki baada ya kodi na bima. Ombi la malipo linatumwa kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo weka daftari dogo jikoni au kwenye simu: siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Wanaoripoti cha benki hunaswa kirahisi. Mwajiri mpya anapaswa kupeleka jina lako serikalini ndani ya siku 20 tangu akuajiri, na kila robo mwaka hupeleka taarifa ya mishahara. Kompyuta inalinganisha. Ukionekana umelipwa zaidi, utadaiwa, na Texas haisamehi deni hilo wala halizeeki. Wakiona ulidanganya kwa makusudi, unaongezewa faini ya asilimia 15 na unapoteza mafao yaliyobaki.

Kazi za kuendesha gari au kupeleka chakula kwa programu za simu nazo zinaripotiwa. Watu wengi huziona kama vibarua visivyohesabika. Vinahesabika.

SWALI: Mimi niliajiriwa kupitia wakala wa vibarua. Kazi kiwandani ilipokwisha nilirudi nyumbani na kuomba mafao. Nimekataliwa, wanasema niliacha kazi mwenyewe. Sikuacha, kazi ilikwisha!
*Kijana wa Bukavu, Abilene*

JIBU: Ndugu yetu, huu ndio mtego unaowanasa wengi wa jamii yetu. Kisheria mwajiri wako hakuwa kiwanda, alikuwa wakala. Ikiwa wakati wa kuajiriwa ulijulishwa kwamba kazi ikiisha lazima uwasiliane nao wakupangie nyingine, na hukufanya hivyo, Texas inahesabu kwamba umeacha kwa hiari. Onyo hilo mara nyingi limo kwenye rundo la karatasi za siku ya kwanza, kwa Kiingereza, zile zilizosainiwa kwa haraka.

Cha kufanya ni kukata rufaa. Una siku 14 za kalenda tangu tarehe barua ilipotumwa, si tangu ulipoifungua. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Andika kwa kifupi kwamba hukubaliani na uamuzi, taja tarehe ya barua, na omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye ni bure. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Kusikilizwa hufanyika kwa simu. Barua ya mwito inaeleza jinsi ya kuingia siku hiyo. Ukikosa kuingia, shauri linaweza kufungwa bila wewe. Kama ulimpigia wakala, hata mara moja, tafuta rekodi ya simu au ujumbe. Kama hukuwahi kupewa onyo, sema hivyo na uwaache wao waonyeshe karatasi yenye saini yako. Nyaraka zako zitume mapema kwa msikilizaji wa rufaa na nakala kwa upande wa pili, kwa sababu usizozituma huenda zisipokelewe.

Wakati rufaa ikiendelea, usiache kutuma ombi la malipo kila wiki mbili. Ukishinda, wanalipa tu wiki ulizoomba. Hapa ndipo watu hushinda kesi na kubaki mikono mitupu.

SWALI: Dada yangu yuko Louisville, Kentucky, naye anafanya kazi saa chache. Je, atumie hesabu hiyo ya robo?
*Msomaji, Dallas*

JIBU: Asitumie. Kila jimbo lina kanuni yake. Kentucky inapunguza mafao kwa kiasi cha asilimia 80 ya kipato cha wiki. Pennsylvania inakuachia upate kazini hadi asilimia 30 ya mafao yako kabla ya kuanza kukata. California haikati dola 25 za kwanza au robo ya kipato chako, chochote kilicho kikubwa. Minnesota inakata nusu ya kipato, na ukifikisha saa 32 hulipwi. New York inatazama saa: kumi au pungufu haikati kitu, mradi mshahara wa wiki usipite kikomo chake.

SWALI: Bosi hakunifukuza, amenipunguzia saa kutoka 40 hadi 16. Nina haki ya kuomba? Na kibali changu cha kazi kinaisha karibuni.
*Msomaji, Dallas*

JIBU: Unaweza kuomba, ikiwa kupunguzwa huko hakukutokana na kosa lako wala ombi lako. Usiache kazi kwanza. Omba ukiwa bado ndani. TWC itatazama mishahara yako ya robo mwaka nne (kila moja ni miezi mitatu), zile za kwanza kati ya tano za mwisho zilizokamilika: anayeomba kati ya Aprili na Juni hutazamwa mishahara ya Januari hadi Desemba ya mwaka uliotangulia. Lazima uwe na mshahara katika zaidi ya robo moja, na jumla ifike angalau mara 37 ya mafao yako ya wiki. Wiki ya kwanza inashikiliwa, kwa hiyo usishtuke usipoiona.

Kibali ni muhimu mno. Wiki ambayo huna ruhusa halali ya kufanya kazi hailipwi, basi omba kukihuisha mapema na utunze risiti. Ukisafiri kwenda nyumbani kwa msiba, wiki hizo hazilipwi pia, kwa sababu haupo kwenye soko la ajira. Usitume ombi la malipo ukiwa Goma au Nairobi kana kwamba uko Dallas.

Mafao haya yanatozwa kodi ya shirikisho. Waambie wakate asilimia 10 tangu mwanzo, la sivyo fomu ya kodi ya 1099-G ya Januari, inayoonyesha mafao uliyolipwa, itakukuta huna kitu.

SWALI: Kaka yangu amepunguzwa hotelini Mombasa baada ya miaka sita. Huko kuna kitu kama hiki?
*Msomaji, Houston*

JIBU: Kenya haina bima ya serikali inayomlipa kila wiki. Alichonacho ni Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: notisi ya angalau mwezi mmoja, afisa wa kazi ajulishwe, likizo alizobakiza zilipwe, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili. Kwa miaka sita ni siku 90. Adai hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya kusaini karatasi yoyote inayosema hana madai tena.