Kamera ya kwanza ya fulfremu, usimalize pesa yote kwa bodi

Bro, umeuliza uchukue Nikon Z5 ama Canon RP, zote fulfremu (sensa yake, ile sehemu inayonasa picha, ni kubwa), ya kupiga mandhari huko Menengai, ile kreta ya Nakuru. Mimi ningechukua Z5 ya mkono wa pili, ile ya 2020, juu iko na nafasi mbili za memori kadi na stabilaiza (ya kupunguza mtikisiko) ndani ya bodi yenyewe, yaani kamera bila lenzi, RP haina hizo. Lenzi anza na 24-70mm f/4 (namba ya f ni tundu la lenzi, ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi), usidanganywe na watu wa f/2.8, mandhari utapiga f/8 ama f/11 na lenzi ya f/2.8 ni uzito wa bure kupanda nayo. Pesa ikibaki nunua traipodi imara, upepo wa pale ukingoni si mchezo. Na kabla ulipe piga anga tupu kwa f/16, ukuze picha kwa skrini, ukiona madoadoa sensa ni chafu, itisha bei ishuke.