Re: Hivi Roma iliangushwa na nani hasa?

Mkuu, umeuliza kama kweli Roma iliuawa na makabila ya Kijerumani mwaka 476. Mwaka huo Odoacer, kamanda wa askari wa Kijerumani, alimvua madaraka kijana Romulus Augustulus, kaizari wa mwisho wa nusu ya magharibi ya dola, lakini hapo alikuwa anazika maiti tu. Pigo lenyewe mimi naliona mwaka 439, Wavandali (nao kabila la Kijerumani) walipoiteka Carthage, mji mkuu wa Afrika Kaskazini ya Kirumi, kwenye Tunisia ya leo. Afrika Kaskazini ndiyo iliyolilisha jiji la Roma kwa nafaka na mafuta ya zeituni, na kodi yake ilikuwa nguzo ya kuwalipa askari wa magharibi. Kodi ikakatika, jeshi likanyong'onyea, majimbo mengine nayo yakaponyoka. Mwaka 468 ikatumwa misafara mikubwa ya meli kwenda kuikomboa Afrika Kaskazini. Wavandali wakazichoma moto. Baada ya hapo hela ya kujaribu tena ikawa haipo.

Ila upande wa mashariki wa dola, makao yake Constantinople (Istanbul ya leo), ulidumu hadi 1453 (hili watu wengi hulisahau). Huko ndiko kaizari Justinian alikokusanya sheria za Kirumi, kati ya 529 na 534. Zikaja kupitia Ufaransa na Ubelgiji, na leo ukifungua kesi ya madai Lubumbashi au Bujumbura, unakutana nazo.