Usitume malipo ya awali kabla hujazungumza na mwongoza wageni wa Amani

Mwalimu, usitume hayo malipo ya awali leo. Umeandika kwamba mwezi wa Aprili unatoka Dar es Salaam na wanafunzi wa kidato cha tatu kwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kule Muheza, na kwamba wakala amekupa bei moja ya jumla yenye basi, malazi, chakula, viingilio na "mwongoza wageni mzoefu atakayesafiri nanyi kutoka mjini". Unauliza kama bei hiyo ni ya haki, kama siku mbili zinatosha, wanafunzi wavae viatu gani, na kama mvua zitawasumbua. Naona wenzangu wameanza kukujibu habari za viatu. Viatu vinaweza kungoja. Huyo mwongoza wageni anayesafiri nanyi kutoka mjini ndiye aliyenifanya niwashe kompyuta usiku huu, kwa sababu na mimi niliuziwa huyo huyo, kwa maneno yale yale, na nadhani hata mikato ya sentensi ilikuwa mahali pale pale.

Wakala wangu simtaji. Kipeperushi chake kilikuwa na picha ya simba aliyejilaza juu ya jiwe, na juu ya picha hiyo yaliandikwa maneno "Ziara ya Kielimu: Msitu wa Mvua". Amani hakuna simba. Mtu mwenye shahada ya elimu ya viumbe alipaswa kushtuka hapo hapo, lakini shahada yangu niliisomea samaki, kwa hiyo naomba nisihukumiwe kwa mambo ya nchi kavu.

Kijana tuliyepewa alikuwa mstaarabu, na haki yake nimpe: nina hakika kwamba mbugani ni hodari. Ila mbugani kazi ni kumwona mnyama aliye mbali kutoka ndani ya gari na kueleza habari zake, wakati katika msitu wa mvua huoni hata hatua ishirini mbele yako, na karibu kila kitu chenye somo kiko umbali wa mkono: gome, kuvu, mzizi, jani lenye ncha ndefu ya kumwagia maji, chura mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Yeye aliendelea kutafuta wanyama. Alituamuru tunyamaze ili mbega wasikimbie, na mbega, kama unavyoweza kukisia, walikuwa wamekwisha kukimbia tangu basi zima la vijana wa Dar es Salaam lilipoteremka. Tulitembea kwa mstari mmoja kwenye njia nyembamba, mstari mrefu kiasi kwamba aliyekuwa mbele alipoelezwa jambo, wa nyuma alikuwa bado anauliza kwa nini tumesimama. Niliokuwa nao mkiani waliandika kwenye madaftari yao sentensi moja: "Tumesimama tena."

Hayo yote ningeyasamehe. Lililonigharimu ni hili. Tulifika chini ya mti mkubwa ulionyooka, kijana akaupiga kofi shinani na kuwaambia wanafunzi kwamba huo ndio mti wa kale wa Usambara, umekuwapo tangu kabla ya binadamu, na kwamba msitu mzima unautegemea. Kijana wangu mmoja, Msambaa ambaye babu yake aliwahi kufanya kazi za misitu upande huo, akanyoosha mkono na kusema kwamba babu yake humwambia miti hiyo ililetwa. Mwongoza wageni akacheka. Wanafunzi wenzake wakacheka. Mimi, mwalimu wake, nikamwambia asimkatize mtaalamu.

Mti ule ulikuwa Maesopsis eminii. Asili yake ni misitu ya kuanzia Afrika Magharibi hadi Uganda, na hapa nchini ni mwenyeji wa upande wa Kagera, lakini Amani uliletwa na kupandwa mwanzoni mwa karne ya 20. Miche yake hupenda mwanga, kwa hiyo ilikaa kwa adabu mpaka ulipokuja ukataji wa magogo kwa mashine, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, ukafungua paa la msitu. Hondohondo humeza matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali, na hivyo mti huo ukaenea hadi ukawa miongoni mwa mifano inayotajwa sana na wataalamu duniani ya mti mgeni unaovamia msitu wa kitropiki. Mwalimu wa elimu ya viumbe hawezi kuomba mfano bora kuliko huo: mti wa nchi yako mwenyewe, mwenyeji mkoa mmoja na mvamizi mkoa mwingine, unaosambazwa na ndege ambaye ni mwenyeji halisi wa msitu anaouharibu. Somo la muhula mzima lilikuwa limesimama mbele yetu, nasi tukalisoma kichwa chini miguu juu.

Siku hiyo hiyo, karibu na mkondo wa maji, palikuwa na maua madogo ya zambarau yaliyoota kwenye mwamba wenye ukungu. Mwongoza wageni wetu akasema kwamba hayo ni maua ya bustani, pengine yalitoroka kwenye vyungu vya Wajerumani. Kwa hiyo mgeni alifanywa mwenyeji na mwenyeji akafanywa mgeni, kwa saa chache tu, na kwa fedha za wazazi. Maua hayo ni Saintpaulia. Safari yake ilikuwa ya kutoka huku kwenda huko: Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, aliyapata mwaka 1892 na mbegu zikapelekwa Ujerumani, ambako Hermann Wendland aliyaeleza kisayansi mwaka 1893. Vyungu vilivyo kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa mamilioni, vimetokana na mmea unaoota porini katika milima na misitu ya Tanzania na Kenya peke yake, na baadhi ya aina zake zinaweza kutoweka kabisa ukikatwa msitu unaolikinga jabali moja lisipigwe na jua.

Ripoti za wanafunzi nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuzipa alama nzuri. Zilizoandikwa vizuri zaidi zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, zikiwa na mchoro wa Maesopsis na maelezo chini yake: "Mti wa asili wa Usambara." Zilikaa pale hadi babu wa yule kijana alipokuja kwenye kikao cha wazazi, akavaa miwani, akasoma kila moja taratibu, kisha akaniuliza kwa heshima kubwa ni nani aliyewafundisha watoto maneno haya. Nilijibu kwamba alikuwa mtaalamu kutoka mjini. Mzee hakusema kitu. Ningependelea anitukane.

Nilipompigia simu wakala, alinijibu kwamba hajawahi kupata malalamiko, kwamba wanafunzi walionekana wenye furaha, na kwamba "msitu ni msitu, Mwalimu". Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea getini, pale Sigi, wakati sisi tukinunua maji. Hifadhi ina waongoza wageni wake, watu wa vijiji vya jirani waliopewa mafunzo, na mhifadhi alishauri tuchukue wanne na kuligawa kundi. Wakala wetu alibishana naye hadi akaruhusiwa kumchukua mmoja tu, akamlipa, kisha akamweka nyuma kabisa ya mstari, kazi yake ikiwa kuhakikisha hapotei mtu. Mtu pekee aliyeujua msitu alitembea nyuma ya wanafunzi wote akiwa amenyamaza, na aliyekuwa mbele akizungumza hakuwa ameukanyaga kabla ya siku ile. Fedha ya waongoza wageni watatu waliobaki ilikuwa ndani ya bei tuliyolipa. Naomba usiniulize ilikwenda wapi, kwa sababu nikianza kueleza, mwenye jukwaa atanifungia akaunti.

Mwaka uliofuata nilirudi na kundi dogo, safari hii nikiwa nimezungumza kwanza na mmoja wa waongoza wageni wa pale. Hakuanza na wanyama wala hakutuambia tunyamaze. Aliwachuchumaza vijana kumi chini ya mti na kuwaambia wafukue kwa vidole tabaka la majani yaliyooza, waone lilivyo jembamba na mizizi myembamba iliyojisuka ndani yake, kisha akawauliza kama msitu mkubwa namna hii unaweza kuwa umesimama juu ya udongo wenye rutuba nyingi. Wote wakajibu ndiyo. Akawapeleka penye shamba la zamani la iliki, ambako miti midogo ilifyekwa chini ya kivuli ili iliki ioteshwe, ikavunwa kwa miaka kadhaa, kisha udongo ukachoka na wenyewe wakahama. Wakaanza kuelewa bila kuambiwa kwamba chakula cha msitu kimehifadhiwa zaidi katika miti yenyewe na katika majani yanayooza juu juu, na kwamba ukiondoa miti umeondoa na ghala.

Akawaonyesha msambu, ambao wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii, wenye matunda makubwa yanayodondoka yenyewe na mbegu za mafuta ambazo wanavijiji huziokota na kuziuza. Akawauliza ni nani anayezipanda mbegu hizo ikiwa tunda ni zito na halipeperushwi na upepo. Jibu ni panya buku, wa jamii ile ile inayofundishwa kunusa mabomu ya ardhini pale Morogoro, ambaye huzibeba mbegu na kuzificha, na nyingine huachwa zikaota. Usiku alituchukua na tochi, akatuonyesha vinyonga waliolala juu ya matawi, weupe kabisa kwenye mwanga, na akatueleza habari za chura mdogo wa misitu hii, Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika. Wanafunzi wangu walikuwa wamekariri tangu darasa la tano kwamba chura hutaga mayai, yakawa viluwiluwi. Mmoja aliniuliza kama mtihani wa taifa una habari hiyo. Nilimwambia asiiandike, asije akakosa alama.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hujatuma hata shilingi, zungumza na mtu atakayeingia msituni na wanafunzi wako, yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Piga simu ofisi ya hifadhi, ambayo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ueleze kwamba unaleta wanafunzi na kwamba unahitaji kuunganishwa na waongoza wageni wao. Ukimpata, usimuulize bei kwanza. Muulize Maesopsis ulifikaje Amani. Anayeujua msitu atakujibu kwa dakika kumi na vocha yako itakwisha. Asiyeujua atakwambia kwamba mtaliona hilo mkifika. Kisha muulize yeye, si wakala, kwamba anaweza kuwafundisha wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja, na jibu atakalokupa ulipe waongoza wageni kwa hesabu hiyo, hata kama itakulazimu kupunguza idadi ya wanafunzi. Mwambie pia mada mnazosoma kwa sasa. Aliyeambiwa kwamba mnasoma mtawanyiko wa mbegu atapanga njia yake tofauti na aliyeambiwa kwamba "wanakuja watoto wa shule".

Najua utaniambia kwamba wakala ameahidi kukurahisishia kazi zote hizo. Mwache akurahisishie basi na chakula, ambavyo ni kazi yake na anaweza kuifanya vizuri. Kumchagua mwalimu wa wanafunzi wako kwa siku zile ni kazi yako, kwa sababu huyo ndiye utakayemwachia kalamu, daftari na imani yao, na akiwaambia uongo, wewe ndiye utakayeusahihisha kwa alama nzuri kama mimi.

Kuhusu mvua, Aprili ni masika, na barabara ya kupanda kutoka Sigi hadi Amani ni ya udongo, yenye kona na utelezi. Basi kubwa linaweza kuwaacha njiani, na hilo nalo mwongoza wageni wa pale analijua kuliko dereva wako, kwa kuwa yeye huipita kila juma. Juni ingekufaa zaidi. Siku mbili zinatosha ikiwa moja mtaitumia chini, Sigi, na nyingine juu, Amani, ili wanafunzi waone jinsi msitu unavyobadilika kadiri mnavyopanda, na wapite kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Bei ya haki sijui nikuambieje, maana bado sijajua wakala wako amelipia waongoza wageni wangapi, na nina wasiwasi kwamba hata wewe hujui.

Mpigie wakala kesho asubuhi umwombe jina na namba ya huyo "mwongoza wageni mzoefu". Akikwambia kwamba utamfahamu siku ya safari, kodi basi peke yake. Akikupa namba, mpigie, muulize lile swali la Maesopsis, halafu uandike hapa alivyojibu kabla hujatuma fedha.