Maswali ya Wasomaji: Ukanda mweusi ndani ya jabali

SWALI: Mhariri, kwenye machimbo yetu ya kokoto hapa Dodoma kuna ukanda wa jiwe jeusi, upana kama hatua moja, umelikata jabali la graniti toka chini hadi juu. Mwalimu mmoja anasema ni magma ya kale, yaani mwamba ulioyeyuka kutoka chini ya ardhi. Ilipenyaje jiwe gumu hivi bila kuliyeyusha?

JIBU: Kwa jinsi ulivyoueleza, huenda mwalimu yuko sahihi. Ukanda wa namna hiyo huitwa daiki. Magma haikuliyeyusha jabali ili ipite, ililipasua. Ninyi wa kabari na nyundo mnaijua siri hiyo: graniti ikigandamizwa hustahimili megapaskali (kipimo cha mkandamizo) 100 na zaidi, lakini ikivutwa huachia kwenye 10 hivi. Magma, ikisukumwa kutoka chini, huingia kwenye ufa na kuutanua. Nguvu yote hujikusanya kwenye ncha, ncha inapasuka, magma inafuata. Ufa hufunguka kuelekea upande ambako ardhi imebanwa kidogo kuliko pengine, ndiyo maana ardhi inapovutwa pembeni daiki husimama wima kama ukuta.

Kinachoishinda magma mara nyingi ni baridi. Magma ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, huwa na nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, na ikigusa jiwe baridi kingo zake huganda papo hapo. Upana ukipungua nusu, muda wa kuganda hupungua mara nne: daiki ya mita 1 huchukua siku chache, ya sentimita 10 haimalizi saa. Nyingi hufia njiani.

Hakikisha mwenyewe. Vunja kipande pale jeusi linapokutana na graniti, na kingine katikati ya ukanda. Cha pembeni kiwe laini, chembe hazionekani kwa macho. Cha katikati kiwe na chembe zilizokua. Zikilingana kote, shuku kwamba si daiki.

SWALI: Je, jambo hili la magma kupasua miamba linaweza kutokea leo Tanzania?

JIBU: Limetokea. Julai 2007 daiki ilipenya chini ya mlima Gelai, kusini-mashariki mwa Ziwa Natron, ikaambatana na mfululizo wa matetemeko. Kubwa, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Magma haikufika juu, ila setilaiti zilipima ardhi ilivyotanuka. Septemba jirani yake, volkano ya Ol Doinyo Lengai, ikalipuka. Lakini msiogope kila mtikisiko wa Dodoma: tetemeko moja la ghafla kwa kawaida ni miamba kuteleza kwenye ufa wa zamani. Daiki hujitangaza kwa mitetemo midogo mingi, siku baada ya siku, huku kitovu kikihama.