Kumbukumbu, kumbukizi au ukumbusho: kwenye bango niandike ipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nina kibanda cha kuprinti mabango na tisheti hapa Mwanga, Kigoma. Nina oda mbili zimenichanganya. Familia moja wana misa, mama yao katimiza mwaka tangu afariki, wameniandikia KUMBUKUMBU YA MAMA ila shangazi yao kakomaa iwe kumbukizi. Oda ya pili ni kibao cha kisima ambacho watoto wamechimba kijijini kwa ajili ya marehemu baba yao, wao wanataka UKUMBUSHO. Ipi sahihi? Na ni "kumbukumbu ya" au "la", mbona Biblia ina Kumbukumbu la Torati?

JIBU: Marahaba. Wote wako sawa, ila hiyo ya kwanza ina tatizo ambalo wenyewe hawajaliona.

Kumbukumbu ni neno pana mno, ni yale yaliyobaki kichwani na pia ni rekodi ya maandishi, ndo maana barua ya halmashauri juu ina "Kumb. Na." na katibu wa kikao anaandika kumbukumbu za mkutano. Sasa ukiandika KUMBUKUMBU YA MAMA peke yake, msomaji anaweza kuelewa ni uwezo wa mama wa kukumbuka, kama tunavyosema kumbukumbu ya babu siku hizi imepungua! Hiyo "ya" haisemi nani anakumbuka na nani anakumbukwa. Dawa ni kuongeza neno tu: Kumbukumbu ya kifo cha mama yetu, au Misa ya kumkumbuka mama yetu. Mi napenda hii ya pili, kitenzi kinamaliza ubishi.

Shangazi naye ana hoja. Kumbukizi limeshika sana kwa tukio lenye tarehe yake, kila 14 Oktoba utasikia kumbukizi ya Mwalimu Nyerere, aliyefariki 1999. Kwa misa ya mwaka linakaa vizuri tu. Maadhimisho waachie serikali na mambo ya Muungano 26 Aprili, kwenye msiba wa nyumbani naona linakuwa na gwaride ndani yake.

Kisima ni habari nyingine. Ukumbusho umetoka kwenye kumbusha, sio kumbuka, yaani ni kitu kinachomkumbusha mwingine, hata asiyemjua marehemu. Kwa hiyo KISIMA CHA UKUMBUSHO WA MZEE FULANI ni sahihi kabisa, printi. Nenda hapo Ujiji utaona tofauti: mnara wa jiwe pale Livingstone na Stanley walipokutana 1871 ni ukumbusho, ila eneo zima unalolipia kiingilio ukaone picha na vitu vya zamani ni makumbusho.

Ngeli: kumbukumbu hii, kumbukumbu hizi, kumbukizi vilevile, ukumbusho huu, makumbusho haya. Hiyo "la" ya Torati ni jina la kitabu lililozoeleka kwenye tafsiri ya zamani, liache hukohuko kanisani, kwenye bango andika "ya".

Halafu kwenye tisheti usiweke "kumbukizi ya kumbukumbu ya kifo", nimeshaiona mtaani hiyo. Chagua moja, weka jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki, picha iwe kubwa.